Kifaa Mkononi mwa Mfanyakazi wa Ghala: Mtumishi au Mnyapara?

Kila sanduku la dawa linalofika katika Kituo cha Afya cha Kibakwe limepita katika mikono ya mtu ambaye mgonjwa hatamwona kamwe. Si daktari, si mfamasia, wala si dereva wa lori linalopanda milima ya Mpwapwa. Ni mfanyakazi wa ghala: yule anayepokea orodha ya vitu vilivyoagizwa, akapita katikati ya rafu ndefu, akachukua kopo hili na boksi lile kwa idadi iliyoandikwa, kisha akavipeleka kwa wafungashaji. Katika makala hii tutamwita mkusanya oda. Kazi yake ni ya kale kama ghala lenyewe, lakini chombo anachokitumia kinabadilika upesi. Zamani alishika karatasi na kalamu. Leo, katika maghala mengi duniani, anashika kifaa chenye skrini kinachomwambia aende wapi na achukue nini, na mara nyingi kinahesabu pia ametumia sekunde ngapi.

Mafundi wa kompyuta wana neno kwa ajili ya ule uso wa programu ambao mtumiaji anauona, anausoma na kuugusa: wanauita kiolesura. Namna kiolesura hicho kinavyosanifiwa huonekana kuwa jambo la kitaalamu tu, lisilomhusu mwamini wa kawaida. Lakini ndani yake limo swali la kimaadili: je, kifaa kimewekwa mkononi mwa mfanyakazi ili kimsaidie kufanya kazi yake vema, au kimewekwa ili kimsimamie na kumkimbiza? Jibu la swali hilo linagusa utu wa mfanyakazi, na linagusa pia uhai wa mama anayejifungua Kibakwe. Kwa sababu hiyo tunalitazama leo kwa mwanga wa Mafundisho Jamii ya Kanisa.

Safari ya oda kutoka zahanati hadi rafuni

Bohari ya Dawa, ambayo wengi tunaifahamu kwa kifupi cha MSD, iliundwa kwa Sheria Na. 13 ya mwaka 1993, na hufanya kazi kwa kanda, Dodoma ikiwa mojawapo. Zahanati na vituo vya afya, vya Serikali na vingi vya madhehebu ya dini, hupata kutoka huko sehemu kubwa ya mahitaji yao. Utaratibu wenyewe, kwa ufupi, ni huu. Mtumishi wa afya hukagua stoo yake, huandika kilichotumika, kilichobaki na kinachohitajika, na kujaza fomu ya taarifa na maombi. Taarifa hizo huingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa usimamizi wa ugavi wa dawa, unaojulikana kama eLMIS, ulioanza kutumika nchini katika miaka ya 2010. Kutoka hapo maombi hufika Bohari, yakalinganishwa na akiba iliyopo na fedha za kituo, na mwishowe yakageuka kuwa orodha ya vitu vya kutolewa rafuni.

Tangu mwanzo hadi hapo, kila kitu ni maandishi na tarakimu. Ni kwa mkusanya oda ndipo tarakimu zinapogeuka kuwa kitu chenye uzito. Yeye ndiye anayelinganisha jina lililoandikwa na jina lililo kwenye boksi. Akipatia, hakuna atakayejua kwamba alikuwapo. Akikosea, kosa husafiri zaidi ya kilomita 100, hufunguliwa mezani kwa muuguzi, na pengine husubiri mzunguko mwingine wa oda ndipo lirekebishwe. Nyakati za masika, barabara za tarafa yetu zinapokatika, kila mtu wa Kibakwe anajua maana ya kusubiri.

Watafiti wa uendeshaji wa maghala hukadiria kwamba kukusanya oda huchukua zaidi ya nusu ya gharama za kuendesha ghala la kawaida, na kwamba sehemu kubwa ya muda wa mkusanya oda huishia katika kutembea tu kutoka rafu moja hadi nyingine. Hapo ndipo ilipo sababu ya wenye maghala kutafuta kila njia ya kuharakisha kazi hii. Wengine hutumia skana za mkononi zinazosoma msimbo pau, ile mistari myeusi na myeupe iliyo juu ya bidhaa. Wengine huwavalisha wafanyakazi vifaa vya masikioni ili sauti iwaelekeze, wengine hufunga taa rafuni zinazowaka mahali pa kuchukua. Kampuni ya Amazon ilifika mbali zaidi: mwaka 2012 iliinunua kampuni ya roboti za ghala ya Kiva kwa dola za Marekani milioni 775, ili rafu zimfuate mfanyakazi badala ya mfanyakazi kuzifuata rafu.

Mahali kosa linapozaliwa

Mtu anapokosea ghalani, neno la kwanza kusemwa ni kwamba alikuwa mzembe. Mara nyingine ni kweli. Lakini tutazame mifano michache, tuone kama uzembe ndio mama wa kila kosa.

Dawa ya mseto ya malaria, ambayo kila familia ya hapa kwetu imewahi kuitumia, hutengenezwa katika pakiti za namna nne kufuata uzito wa mgonjwa: yenye vidonge 6 kwa mtoto mdogo kabisa, kisha 12, kisha 18, na yenye vidonge 24 kwa mtu mzima. Jina ni lilelile, na maboksi hufanana. Orodha ikiandika jina refu la dawa kwanza na kuificha tarakimu inayotofautisha mwishoni mwa mstari, tena kwa herufi ndogo, basi mtego umekwisha kutegwa kabla mfanyakazi hajanyanyua mguu. Vilevile, orodha ikisema 10 bila kueleza kama ni makopo 10 au vidonge 10, na kama kopo ni la vidonge 100 au 1000, mwenye orodha ndiye aliyekosea kwanza.

Mfano mwingine unafahamika sana kwa wafamasia. Ziko dawa mbili, chlorpromazine na chlorpropamide. Ya kwanza hutolewa kwa magonjwa ya akili, ya pili ilikuwa ikitumika kushusha sukari mwilini. Rafu zikipangwa kwa alfabeti, dawa hizi hukaa jirani, na jicho lililochoka husoma mwanzo wa neno na kukisia mwisho wake. Mamlaka za dawa za Marekani, tangu mwaka 2001, zilihimiza njia rahisi mno: sehemu inayotofautisha majina iandikwe kwa herufi kubwa, yaani chlorproMAZINE na chlorproPAMIDE. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa, wala mfanyakazi aliyefukuzwa. Yalibadilishwa maandishi tu, jicho likapewa msaada pale lilipokuwa likianguka.

Fundisho lake ni zito. Kosa jingi tunalomtwika mfanyakazi wa chini limeandaliwa na mtu wa juu yake, aliyepanga orodha au skrini akiwa ofisini, bila kusimama hata saa moja kati ya rafu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa kimataifa wa kupunguza madhara yatokanayo na makosa ya dawa. Msingi wake ulikuwa huohuo: kuirekebisha mifumo inayomfanya binadamu akosee, badala ya kutosheka na kumlaumu yule aliyekosea.

Kifaa kinapogeuka mnyapara

Kuna upande wa pili wa habari hii. Kifaa kilekile kinachoweza kumwepusha mfanyakazi na kosa kinaweza pia kuwa fimbo mgongoni mwake. Ushahidi wake umetolewa na ndugu zetu wa Afrika Mashariki, ugenini.

Mwaka 2016 Amazon ilifungua ghala kubwa katika mji wa Shakopee, jimbo la Minnesota nchini Marekani. Sehemu kubwa ya waliopata kazi humo walikuwa wahamiaji wa Afrika Mashariki, hasa Wasomali, wengi wao wakiwa wamepitia maisha ya ukimbizi. Skana walizoshika zilihesabu vitu vilivyoshughulikiwa kwa saa, na mfumo ulirekodi kila dakika ambayo skana ilikaa bila kusoma kitu, ukaiita muda wa nje ya kazi. Kwa Mwislamu anayepaswa kuswali, na katika mwezi wa Ramadhani afanye kazi hiyo akiwa amefunga, hesabu hiyo ilikuwa mzigo mkubwa. Kwa msaada wa kituo kiitwacho Awood, neno la Kisomali lenye maana ya nguvu, walianza kudai haki zao. Mwaka 2018 waliifikisha kampuni hiyo kwenye meza ya mazungumzo, jambo lililokuwa nadra sana kwake nchini Marekani. Tarehe 14 Desemba 2018 walitoka nje kuandamana katika baridi ya Minnesota, na tarehe 15 Julai 2019 waligoma tena. Mwaka 2023 Bunge la jimbo hilo lilipitisha sheria ya usalama wa wafanyakazi wa maghala. Sheria hiyo inamlazimu mwajiri kumweleza mfanyakazi kwa maandishi kiwango cha kazi anachodaiwa, na inakataza kiwango kinachomnyima muda wa chakula, wa mapumziko, wa sala au wa kwenda msalani.

Ndugu msomaji, tusipite haraka hapa. Waliosimama walikuwa wahamiaji, wasio na uwezo mkubwa, na wengi wao walikuwa Waislamu. Lakini walichokitetea, kwamba muda wa mtu mbele ya Mungu wake usiandikwe kuwa uvivu, ni mali ya kila mwamini. Mkristo atakayefanya kazi katika ghala hilo na kutaka Dominika yake iheshimiwe anakula matunda ya mti uliopandwa na wao.

Barani Ulaya nako suala limefika mbele ya vyombo vya sheria. Mwezi Januari 2024 mamlaka ya Ufaransa ya ulinzi wa taarifa binafsi ilitangaza faini ya euro milioni 32 dhidi ya kitengo cha maghala cha Amazon nchini humo. Mamlaka hiyo ililalamikia, pamoja na mengine, vipimo vitatu vya skana: kimoja kilichoonya pale mfanyakazi aliposoma bidhaa mbili ndani ya muda usiozidi sekunde 1.25, kingine kilichoandika kila kimya cha skana cha dakika 10 au zaidi, na kingine kilichoandika hata kimya cha kati ya dakika 1 na 10. Kampuni ilipinga vikali hitimisho hilo na kusema kwamba mifumo ya namna hiyo ni ya kawaida katika sekta, nayo huhakikisha usalama na ubora. Vyovyote mvutano huo wa kisheria utakavyotazamwa, picha imebaki wazi: mtu anayeonywa kwa kwenda haraka mno na kuandikwa kwa kusimama dakika moja amebakiwa na nafasi ndogo sana ya kuwa mtu.

Maandiko Matakatifu yanaijua hali hii. Katika sura ya tano ya Kitabu cha Kutoka, Farao anaamuru Waisraeli wasipewe tena majani ya kufyatulia matofali, wayatafute wenyewe, lakini hesabu ya matofali ya kila siku isipungue hata moja. Walipolalamika, aliwaita wavivu. Wasimamizi waliowekwa juu yao walipigwa kwa sababu hesabu haikutimia. Huo ndio unyapara: hesabu isiyosikiliza. Haijali kama majani yapo au hayapo. Inajua idadi tu.

Hesabu dawa, usihesabu pumzi

Wasimamizi wa maghala wana hoja ya upande wa pili, na ni haki isikilizwe. Watasema: dawa ni mali ya umma, na dawa huibiwa. Bila kumbukumbu ya nani alichukua nini na saa ngapi, mgonjwa wa kijijini ndiye atakayeumia. Tena wapo wafanyakazi wanaotegea, na mzigo wao hubebwa na wenzao waaminifu. Yote haya ni kweli. Zaidi ya hayo, kumbukumbu nzuri humlinda mfanyakazi mwaminifu, kwa kuwa dawa ikipotea atakuwa na ushahidi kwamba aliikabidhi kamili.

Lakini tutofautishe mambo mawili. Kuhesabu mali ni uwakili mwema. Yusufu alifanya hivyo Misri alipokusanya nafaka za miaka saba ya shibe, na kwa ghala lile mataifa yaliokolewa na njaa. Kuhesabu pumzi za mtu ni jambo jingine. Tunahitaji kujua boksi liko wapi, ni la toleo gani, litaisha muda lini na limekabidhiwa kwa nani. Hatuhitaji kujua kwamba mama anayenyonyesha alisimama dakika nne. Mfumo unaochanganya mambo hayo mawili huishia kupoteza yote mawili, kwa maana anayekimbizwa na saa huacha kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kiolesura kilichosanifiwa upya kwa haki kingekuwaje? Hatuandiki kama mafundi. Lakini kutokana na tuliyoyaona, yapo mambo ambayo mtu yeyote mwenye busara anaweza kuyadai.

Kwanza, kizungumze lugha ya anayekitumia. Jina la dawa litabaki kama lilivyo kwenye boksi, lakini maelekezo yawe ya Kiswahili, kwa herufi kubwa zinazosomeka katika mwanga hafifu wa ghala, na tarakimu inayotofautisha pakiti moja na nyingine itangulie badala ya kujificha.

Pili, kifuate miguu ya mtu. Orodha ipangwe kwa mfuatano wa rafu, ili mfanyakazi asirudi mara tatu alikotoka, na vitu vizito vichukuliwe kwanza ili vikae chini ya vile vinavyovunjika. Kwa njia hiyo kasi huongezeka bila mtu kukimbizwa.

Tatu, kiulize mahali panapostahili kuulizwa. Kimtake mfanyakazi athibitishe jina, toleo na tarehe, na kimpeleke kwanza kwenye maboksi yanayokaribia kuisha muda. Lakini kisimuulize «una hakika?» kwa kila kitu kidogo. Anayeulizwa mara mia kwa siku hujifunza kubonyeza «ndiyo» bila kusoma, na siku ya hatari ya kweli atabonyeza vilevile.

Nne, nalo ni zito kuliko yote, kimpe mfanyakazi nafasi ya kusema. Awepo mahali pa kujibu: rafu ni tupu, boksi limelowa, idadi haiendani na iliyoandikwa, sindano hizi zilipaswa kukaa kwenye jokofu. Kifaa kinachokubali jibu moja tu, «nimemaliza», humfundisha mtu kusema uongo ili aendelee na kazi. Na uongo huo hauishii ghalani. Mfumo utaendelea kuonyesha kwamba dawa ipo wakati rafu haina kitu, na mtu wa Kibakwe ataambiwa asubiri kitu ambacho hakipo. Dawa ya oxytocin, inayotumika kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, huhitaji kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Mfanyakazi aliyeikuta nje ya jokofu akakosa pa kuandika ameona hatari ambayo hakuna mwingine ataiona mpaka saa mbaya.

Tano, kipime ubora wa kazi nzima kabla ya kasi ya mtu mmoja. Kinachopimwa kiwe wazi kwa anayepimwa, naye aweze kukiona na kukijibu. Wala hukumu ya kumwonya au kumwachisha kazi isitolewe na mashine. Aitoe binadamu mwenzake, baada ya kumsikiliza.

Na juu ya hayo yote, kazi ya kusanifu ianzie rafuni. Msanifu akae na wakusanya oda, atembee nao, aone wanapositasita, awaonyeshe mchoro wake wa kwanza na aukubali ukosolewe. Mfanyakazi mzee wa ghala anajua mambo ambayo hayamo katika mfumo wowote: rafu ipi huvujiwa mvua ikinyesha, boksi lipi huchanganywa na lipi, umeme ukikatika nini kifanyike. Penye wazee haliharibiki neno, walisema wahenga, na ghalani pia ni kweli.

Kanisa linasema nini, na sheria zetu zinasema nini

Papa Leo XIII, katika Waraka wake wa Rerum Novarum wa tarehe 15 Mei 1891, aliwatetea wafanyakazi wa viwanda katika siku ambazo mashine zilikuwa zimewafanya wengi kuwa kama sehemu zake. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya tarehe 14 Septemba 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na mtu anayeifanya, na wala si na aina ya kitu kinachofanywa. Aliona pia kwamba teknolojia, iliyo rafiki wa mwanadamu anapofanya kazi, inaweza kugeuka na kuwa karibu adui yake, pale inapomnyang'anya furaha na ubunifu wa kazi. Hati ya Antiqua et Nova, iliyotolewa na Vatican mwezi Januari 2025 kuhusu akili unde, imeonya kwamba mifumo mipya inaweza kuwapunguzia wafanyakazi ujuzi wao, kuwaweka chini ya upelelezi wa mashine na kuwafungia katika kazi za kurudiarudia. Naye Baba Mtakatifu Leo XIV, siku mbili tu baada ya kuchaguliwa kwake tarehe 8 Mei 2025, aliwaeleza Makardinali kwamba alichagua jina hilo akimkumbuka Leo XIII, kwa kuwa dunia imo katika mapinduzi mengine ya viwanda.

Sheria za nchi yetu haziko mbali na mafundisho hayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Inampa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo mapumziko ya dakika 60, na inamruhusu mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wake. Kifaa kinachoziandika dakika hizo kama uvivu kinapingana na sheria, hata kama hakuna meneja aliyekusudia hivyo. Tena tangu tarehe 1 Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za mwendo na muda wa mfanyakazi ni taarifa zake binafsi. Sheria hizi ziliandikwa kwa ajili ya watu. Sasa ni wajibu wa wasanifu wa programu kuziandika pia ndani ya vifaa.

Jambo hili linatuhusuje Kibakwe?

Pengine mwamini atauliza: Padre, sisi ni wakulima wa mahindi, karanga na alizeti, skana zinatuhusu nini? Zinatuhusu kwa njia tatu.

Zinatuhusu kwanza kama wapokeaji. Kamati za afya za vituo na zahanati, ambamo waamini wengi wanahudumu, zisiishie kunung'unika boksi linapofika na kitu kisicho sahihi. Kosa liandikwe: kiliombwa nini, kimekuja nini, kwenye boksi pameandikwaje. Kosa lililoandikwa vizuri na kurudishwa Bohari ni mwanga kwa anayesanifu upya mfumo. Manung'uniko ya kibarazani hayamfikii.

Zinatuhusu pili kama wenye maghala. Vyama vyetu vya ushirika vya msingi hupokea mazao, na mizani za kielektroniki zinaingia vijijini. Mizani nayo ina kiolesura. Kioo chake kikielekezwa kwa karani peke yake, mkulima amebaki kuamini tu; kikielekezwa kwa wote wawili, haki imepatikana kwa kugeuza kioo. Viongozi wa vyama walio waamini waanzie hapo, kwa kuwa hapahitaji bajeti.

Zinatuhusu tatu kama wazazi. Vijana wetu wanashuka Dodoma mjini na Dar es Salaam, na wengine wanavuka hadi nchi za Ghuba, kutafuta kazi, na kazi za ghala ni miongoni mwa zile zinazowapokea kwa urahisi. Waende wakijua kwamba wana haki ya kuuliza: kifaa hiki kinapima nini, nani anaona vipimo vyake, na nikikosea nitasikilizwa na nani? Nao vijana wetu wanaosomea kompyuta vyuoni Dodoma, ambao kesho watasanifu vifaa hivyo, wakumbushwe kwamba mstari mmoja wanaouandika unaweza kumlinda mtu au kumtesa, nao hawatakuwapo kumwona. Parokia zenye vikundi vya vijana wafanyakazi na wanafunzi wa vyuo zinaweza kuwakutanisha mezani: anayeandika programu na anayebeba boksi. Kikao kimoja cha jioni kinatosha kuanzia.

Bwana wetu alifundisha kwamba Sabato ilifanywa kwa ajili ya mwanadamu, wala si mwanadamu kwa ajili ya Sabato. Ikiwa hata siku takatifu ya Mungu imewekwa imtumikie mwanadamu, sembuse kifaa cha plastiki chenye skrini. Tuwaombee wafanyakazi wa maghala kwa maombezi ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Na safari ijayo sanduku la dawa likifika salama, likiwa kamili na sahihi, kamati ya afya itume pia neno la shukrani kwa walioikusanya oda. Wanaandikiwa barua mara chache sana, na karibu zote ni za lawama.